Wanunuzi wa Ng'ambo

Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliandika kwamba watu kama 1,500 walifika sokoni Nyangwe, kwenye Lualaba, juu ya mto kutoka kwetu Kindu. Mimi nauza chumvi na sabuni kwa jumla hapa Kasuku, sehemu ya mji wa Kindu. Watu 1,500 ningewapokea kwa mikono miwili. Ila Livingstone aliongeza neno moja: vijiji vingi vya ng'ambo, ambavyo kwa kawaida vilileta watu, vilikuwa vinawaka moto. Kwa hiyo soko lilionekana limejaa, kumbe upande mmoja wa mto umepungua.

Siku hiyohiyo watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliufyatulia risasi umati ule, wengi wao wanawake. Wengine walizama wakigombania mitumbwi. Makadirio ya Waarabu wenyewe yalikuwa kati ya wafu 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la London kwa wino wa mmea. Wino ukafifia, na maandishi hayakusomeka vizuri hadi 2011, wataalamu walipoyafichua kwa picha za mwanga wa namna mbalimbali.

Mpwa wangu anasoma uchumi. Nilipomsimulia, alichomoa simu akachora nguzo mbili: 700 za Mei 24, 1,500 za Julai.

"Shangazi, soko lilikua zaidi ya mara mbili!"

Nikamwambia afute. Wale 700 na zaidi ni watu ambao Livingstone aliwahesabu wakipita mlangoni pake kwenda sokoni. Wale 1,500 ni soko zima. Huwezi kuzisimamisha hesabu hizo bega kwa bega, hata nguzo zipendeze vipi. Swali la mfanyabiashara ni lingine: wametoka wapi, na nani hakuja?

Ramani ya wanunuzi ilikuja kubadilishwa na chuma. Mwaka 1910 reli ya kampuni ya CFL ilikamilika kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ili kuyakwepa maporomoko yanayozuia meli. Mzigo uliopanda na meli kutoka Ponthierville, Ubundu ya leo, ulishushwa Kindu na kupakiwa kwenye treni. Mji ukaitwa Port-Empain, kwa jina la Baron Empain, mwenye kampuni. Nyangwe, ambayo misafara yote iliijua, ikabaki kando. Baadaye migodi ya bati ya Kalima ikaleta wanunuzi wa aina nyingine, wenye mshahara, na duka lililojua siku ya malipo lilijua siku ya kujaza rafu.

Leo daftari langu lina safu ya ziada. Pembeni ya kila mauzo naandika mahali anakotoka mteja: Kasuku, Mikelenge au, ng'ambo ya mto, Alunguli, na kwa wa Alunguli naandika pia kivuko alichotumia. Mwisho wa mwezi nachora mto katikati ya karatasi na kuweka vidoti vya kalamu, kimoja kwa kila katoni ya sabuni. Mto ukifurika, vidoti vya Alunguli hupungua hata kama jumla haijashuka, kwa sababu wa Kasuku wamenunua zaidi. Nikitazama jumla peke yake, ningeagiza sabuni nyingi zaidi kwa duka la upande huu, na wateja wa ng'ambo wangejitafutia depo nyingine.

Wenzangu wa sokoni, jumla mnayo tayari. Ongezeni safu ya mahali, na msiunganishe hesabu mbili kabla hamjajua kila moja ilihesabiwa wapi.