Miaka 60 ya kompyuta nchini: nani anashika funguo za seva?

Mgori, Singida. Mwaka 2025 ulikuwa na kumbukizi mbili zilizostahili heshima kubwa. Miaka 60 ilitimia tangu Wizara ya Fedha ifunge kompyuta ya kwanza nchini, na miaka 30 tangu Tanzania ikabidhiwe anwani yake ya intaneti, .tz, Julai 14, 1995. Shuleni watoto wetu wanakariri tarehe za vita vya Ulaya, lakini tarehe hizi mbili hazimo vichwani mwao.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Si kweli. Katika zahanati ya kijiji, muuguzi anapojaza daftari la taarifa za afya (MTUHA), akihesabu watoto waliochanjwa na wajawazito waliofika kliniki, tarakimu zile haziishii kabatini. Huingizwa katika DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambao Tanzania iliueneza nchi nzima kufikia 2013. Takwimu hizo hupokewa na seva, na kila seva ina mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayogawa kazi, kulinda milango na kuamua faili zitapona vipi umeme ukikatika ghafla. Watengenezaji wa DHIS2 wanapendekeza seva yake iendeshwe kwa Linux. Kwa nini isiwe Windows, ambayo ndiyo imejaa kwenye meza za ofisi zetu? Ili kulijibu swali hilo, inabidi turudi Wizara ya Fedha, mwaka 1965.

Mtambo uliofungwa pale uliitwa ICT 1500. Ulikuja na jina la kampuni ya Uingereza, ingawa kwa asili ulikuwa RCA 301 wa Marekani. Enzi hizo kila mtengenezaji alikuwa na vyake. ICT, iliyokuja kuungana na wenzake mwaka 1968 na kuitwa ICL, ilikuwa na mfumo endeshi wa GEORGE kwa mashine zake za 1900, na IBM ilikuwa na OS/360. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya huyu haikukubali kwa yule. Ukishanunua, umefungwa.

Klodwig Mgaya, aliyeandika mwaka 1994 juu ya maendeleo ya teknolojia ya habari Tanzania, anaeleza kilichofuata bila kuficha. Hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta, lakini wataalamu wazalendo hawakuwapo wa kutosha. Kazi ikategemea wageni. Mahesabu yakavurugika, fedha zikapotea, na wizara ikalazimika kurudi kwenye mashine za kihasibu za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni zikajumuishwa humohumo. Aliyehitaji kompyuta kwa sababu maalumu alipaswa kuomba kibali. Bara tuliishi bila kituo cha televisheni hadi 1994.

Nimesoma utetezi wa uamuzi ule. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu mwaka uliotangulia, na hakuna serikali inayofurahia kulipia mtambo unaoipotosha. Hasira ile naielewa. Hata hivyo, naamini aliyeadhibiwa siye mkosaji. Kosa lilikuwa kununua mashine kabla ya kuandaa watu, na marufuku ikawanyima watu hao nafasi ya kujifunza.

Tena tulifunga mlango katika saa mbaya kuliko zote. Julai 1974, mwaka uleule, Dennis Ritchie na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala iliyoutambulisha mfumo endeshi wa Unix kwa wasomi wa dunia. Mfumo huo ulikuwa umeandikwa upya kwa lugha ya C, hivyo uliweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Vyuo vikuu vikaanza kuomba nakala, na wanafunzi wakausoma msimbo wake mstari kwa mstari. Kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likatokea toleo lake liitwalo BSD. Mwaka 1991 kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza Linux, iliyofuata mtindo wa Unix. Microsoft ikaleta Windows NT mwaka 1993.

Sisi, marufuku ilipolegezwa, tuliingia kwenye mitandao kupitia mlango wa nyuma, kwa barua pepe za FidoNet zilizopita kwenye kompyuta zenye mfumo endeshi wa DOS, modemu ikipiga simu usiku. Intaneti kamili ilipofika, DOS haikutosha. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki waliisoma kazi ya seva kwenye warsha za AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, ambazo zilifika Kampala 2003, Nairobi 2006 na Dar es Salaam 2011. Kwa miaka mingi mazoezi yake yalifanywa kwa FreeBSD, mjukuu wa ile BSD ya Berkeley. Walifundishwa kuamuru mashine kwa maandishi na kusoma kumbukumbu za makosa yake.

Windows Server ina uzuri wake. Afisa anayejua Windows ya mezani hapotei, na kusimamia watumiaji wa ofisi nzima ni rahisi. Ila pamoja na leseni ya seva, unalipia na leseni za wanaoitumia, na msimbo huuoni. FreeBSD imetulia, kiini chake na zana zake vinatunzwa pamoja na timu moja, lakini mafundi wake ni wachache. Linux ya mwanzo iliwatesa watu wa nchi za umeme wa kukatikakatika. Kwenye ext2, umeme ukirudi seva ilikagua diski nzima kabla ya kuamka. Mwishoni mwa 2001 ext3 ikaingia, yenye daftari la mabadiliko, na ukaguzi ukawa wa muda mfupi.

Watu wa Mgori wana sababu ya kuelewa haraka tofauti kati ya Windows na programu huria, yaani zile kama Linux na FreeBSD ambazo msimbo wake uko wazi. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilikuwa inakusudia kuufanya msitu wa Mgori kuwa hifadhi yake. Badala yake vijiji vitano vikakabidhiwa usimamizi, vikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi wao. Programu huria ni mali ya namna hiyo: inatumiwa na wote, na usalama wake unategemea wanaoilinda.

Mamlaka ya Serikali Mtandao sasa ina sheria yake ya 2019, na mifumo ya umma imeongezeka. Lakini hakuna mfumo endeshi unaodumu wenyewe. CentOS 7, iliyopendwa sana kwenye seva, iliacha kupata marekebisho ya usalama Juni 30, 2024. Windows Server 2016 itafikia hapo Januari 12, 2027. Kila ofisi inayoitumia ipange uhamisho mapema, na kazi hiyo apewe afisa TEHAMA wake yenyewe, akiwa amesomeshwa na kupewa muda wa kuifanya.