Ukuta Mmoja wa Caludon

Mashariki mwa Coventry, Uingereza, ndani ya bustani ya umma, kumebaki kipande cha ukuta wa mawe chenye madirisha mawili marefu. Handaki lililouzunguka limeota majani. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Caludon.

Mwaka 1305 Mfalme Edward I alimpa John de Segrave kibali cha kulijengea kuta zenye meno. Mwaka huohuo kabaila huyo ndiye aliyempeleka William Wallace, mwasi wa Scotland, hadi London kunyongwa. Mtu wa namna hiyo alijua ngome ya kweli ni ipi, na Caludon haikuwa ngome. Kibali chenyewe kilikuwa heshima, na handaki vilevile. Kati ya 1250 na 1350 maelfu ya makabaila, hata wadogo, walichimba mahandaki kuzunguka nyumba zao; yaliyohesabiwa hadi leo yanazidi 5,000. Yaliwazuia wezi, yalifuga samaki, yalikausha udongo wa mfinyanzi, na zaidi ya yote yalimwonyesha mpita njia nani ni bwana. Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufu tu, alipata kibali kama cha Segrave mwaka 1291 kwa ajili ya jumba lake la Stokesay, nalo limesimama mpaka sasa.

Caludon ikarithiwa na ukoo wa Mowbray. Septemba 1398 Thomas Mowbray na Henry Bolingbroke, waliotuhumiana uhaini, walikutana nje ya Coventry wakiwa juu ya farasi, mikuki mkononi. Kabla hawajagongana, Mfalme Richard II alisimamisha pambano na kuwafukuza nchini wote wawili, Mowbray kwa maisha yake yote. Alifia Venice mwaka uliofuata. Mwaka huohuo Henry alitwaa kiti cha enzi.

Jumba halikuuawa na adui. Ukoo wa Berkeley ulilirithi na kulikarabati, kisha likauzwa, likatelekezwa, na mawe yake yakaishia kwenye nyumba ya shamba. Ndivyo mengi yalivyopotea: jirani mwenye mkokoteni aliyabomoa zaidi ya jeshi lolote.

Lakini mawe si yote. Tope la handaki lenye maji, kwa kuwa halina hewa, hutunza viatu vya ngozi, vyombo vya mbao, hata mbegu za chakula cha watumishi, watu ambao hakuna hati iliyowataja. Kila handaki linalofukiwa ili kupata viwanja huwapoteza hao kwanza, na sheria inayolinda ukuta lazima ililinde na tope.