Simba Mwenye Kucha za Mbwa

Mwaka jana nilikuwa kwa fundi stika mmoja Arusha. Mbele yangu kulikuwa na Land Cruiser ya watalii, fundi anaibandika nyayo nyeusi kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma. Dereva wake, mzee aliyezunguka mbuga za kaskazini miaka na miaka, akaziangalia kwa muda.

"Hizi nyayo za nani?"

"Za simba, mzee wangu."

Mzee akacheka. "Simba gani anatembea kucha ziko nje? Umenibandikia mbwa, mwanangu."

Na ni kweli. Simba na chui wakitembea hurudisha kucha ndani, kwa hiyo kwenye vumbi huacha alama ya vidole vinne na kiganja, basi. Anayeacha alama za kucha ni fisi, mbwa mwitu, na huyu mbwa wetu wa nyumbani. Duma naye huziacha, ingawa ni wa ukoo wa paka. Fundi hakuichora ile picha, aliipakua tu.

Stika yenyewe ina historia fupi. Mwaka 1926 huko Marekani, mkemia Waldo Semon wa B.F. Goodrich alikuwa anatafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata, akapata plastiki laini, ndiyo hii vinili. Mwaka 1935, R. Stanton Avery akaanza kutengeneza lebo za kujibandika kule Los Angeles. Ongeza kompyuta na mashine ya kukatia, umepata kazi ya fundi wetu.

Lakini saa chache tu kwa gari kutoka gereji ile, eneo la Ngorongoro, kuna nyayo zilizobandikwa ardhini miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 1976, watafiti wa kambi ya Mary Leakey huko Laetoli walikuwa wanarushiana mavi makavu ya tembo, utani tu. Andrew Hill akajikuta chini, uso karibu na ardhi, na kumbe alichokuwa anakitazama ni nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Mwaka 1978 zikapatikana zile maarufu za mababu zetu waliotembea kwa miguu miwili. Miaka ya 1990 zilifukiwa tena ili zisiharibike.

Sasa, hata wasomi walikosea kusoma. Nyayo nyingine tano, zilizoonekana kwanza mwaka ule wa 1976, kuna waliosema huenda ni za dubu mdogo aliyesimama wima. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, zikalinganishwa na za dubu halisi, na mwaka 2021 watafiti, akiwemo Charles Musiba mzaliwa wa Tanzania, wakatangaza kwamba ni za jamii ya binadamu. Babu yetu alishukiwa kuwa dubu kwa miaka mingi, mpaka watu waliporudi kuangalia.

Fundi alitaka kuzibandua. Mzee akakataa: "Acha tu, bosi anataka gari saa nane. Wageni hawajui."

Wageni hawajui, sawa. Na sisi je?

Kabla ya kuondoka, mzee alichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma: kiganja, vidole vinne, hakuna kucha. Fundi akatoa simu, akaipiga picha.