Imani na ujasiri wa Kikristo Buha (Kibondo na Kasulu)

Katika Ukristo, imani inayokiriwa ibadani hutakiwa ionekane katika matendo. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unalieleza jambo hilo bila kuzunguka: aliyeishiwa chakula na nguo haponi kwa maneno mema ya kuagana. Katika nyanda za juu za Kigoma, fundisho hili limepimwa mlangoni. Kibondo na Kasulu ziko jirani na Burundi, na kwa zaidi ya nusu karne watu waliokimbia kuuawa wamekuwa wakifika huku kwa miguu, mtoto mgongoni na furushi kichwani. Ujasiri wa Mkristo wa Buha umeonekana zaidi katika kumpokea mtu ambaye kumpokea kuna gharama.

Chimbuko

Buha ni nchi ya Waha, ambao lugha yao, Kiha, inaelewana kwa urahisi na Kirundi. Kwa upande wa Katoliki, Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, na kazi yao ikapanda taratibu kuelekea milimani. Kwa upande wa Anglikana, wamisionari wa CMS kutoka Australia walianza kazi Buha katika miaka ya 1930, wakati George Chambers alipokuwa askofu wa Tanganyika ya Kati. Ilikuwa miaka ya malale. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka kwenye mapori ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa, na huko dawa na Injili vilikwenda pamoja. Hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki, na ile ya Heri ya Waadventista Wasabato ambayo sasa iko Buhigwe, ni matunda ya zama hizo za misheni.

Uongozi ukapita mikononi mwa wenyeji. Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, iliundwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia 1979 hadi 1983.

Uamsho

Kabla ya wakimbizi, Buha iliguswa na uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, walidai jambo gumu: mtu asimame mbele ya wanaomfahamu, aitaje dhambi yake kwa jina, kisha arudishe alichoiba. Toba ya namna hiyo ilimgharimu mtu heshima yake na mara nyingine mali yake. Pia iliwakalisha katika duara moja watu wa makabila na vyeo tofauti, Mwafrika na Mzungu, kila mmoja akiungama mbele ya mwenzake.

Nguvu ya mafunzo hayo ilidhihirika Kenya wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950. Ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Mazoea ya kusema kweli kati ya ndugu yaliwaandaa kusema "hapana" mbele ya mtu mwenye panga.

Miaka ya wakimbizi

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mipaka. Kambi zikaenea: Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mkugwa na Karago upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta watu wa Kivu Kusini, na Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao.

Huduma ya makanisa ilikuwa na vyombo vyake. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lilianzishwa mwaka 1964 kwa makubaliano ya serikali, Shirikisho la Kilutheri Duniani na UNHCR, na shughuli zake zilifika hadi Kibondo. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilifanya kazi katika kambi za Kibondo. Kutoka Ngara, lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995, na matangazo yake yakawafikia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja.

Tendo la mwaka 2015 lastahili kutazamwa kwa karibu. Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu mwezi Aprili, Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawabeba kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapandisha Nyarugusu. Kambi ilikuwa imejaa Wakongo tayari, na mahema hayakutosha. Shule na makanisa ya kambini vikageuzwa malazi: mahali pa mabenchi pakatandikwa mikeka, ukuta uliokuwa nyuma ya kwaya ukaegemewa na masufuria na ndoo. Waliotoa nyumba zao za ibada walikuwa wakimbizi wenyewe, watu ambao karibu miaka 20 kabla walikuwa wamefika hapo mikono mitupu.

Ng'ambo ya mpaka

Ruyigi, inayopakana na Kibondo, ndiko alikotoka Marguerite Barankitse. Tarehe 24 Oktoba 1993 wauaji waliingia katika nyumba ya askofu wa Ruyigi alimokuwa amewaficha watu. Yeye ni Mtutsi, na wauaji walikuwa Watutsi wenzake. Walimfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliwaokoa watoto 25, na kutokana na tendo hilo akaanzisha Maison Shalom, iliyolea maelfu ya yatima bila kuuliza kabila. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Aurora, akiwa tayari amekimbilia Rwanda.

Kusini zaidi, katika seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, waasi waliingia bwenini alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Vijana 40 waliuawa.

Kabanga

Aliyehitaji kupokewa hakuwa mkimbizi peke yake. Wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilipotikisa kanda za magharibi na Ziwa, kuanzia mwaka 2007 hivi, Shule ya Msingi Kabanga wilayani Kasulu, ambayo ni shule ya serikali ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ikawa kimbilio la watoto waliowindwa. Kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua ni mahitaji ya kila siku kwa watoto hao, sawa na daftari. Miongoni mwa waliosimama nao kitaifa ni Under The Same Sun, shirika lililoanzishwa na Peter Ash, Mkanada mwenye ualbino aliyewahi kuwa mchungaji. Kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, yenye mizizi katika Kanisa la Kilutheri, ilianza kazi ya kutengeneza mafuta hayo nchini.

Mipaka ya ujasiri

Historia hii ina upande mchungu. Burundi ni nchi ya Wakristo wengi, na waliobatizwa walikuwemo kati ya wauaji na kati ya waliouawa. Huku Kigoma pia ukarimu ulichoka. Misitu ilikatwa, wizi ukaongezeka, na wanawake wakimbizi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni. Kuanzia mwaka 1997 jeshi liliwakusanya kambini Warundi waliokuwa wakiishi vijijini, wakiwemo walioolewa na kuzaa huko. Ndoa zilizofungwa kanisani zikajikuta zimegawanywa na amri ya kiusalama.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 na Mtendeli Januari 2016. Mtendeli ikafungwa Desemba 2021. Kila kambi inapofungwa, usharika huvunjika: mchungaji anarudi Burundi, mwinjilisti anahamishiwa kambi nyingine, na wanakwaya wanatawanyika. Hapo kanisa la Buha hukabiliwa na kazi isiyo na vigelegele: kumsaidia mkimbizi arudi kwa hiari yake, na kumtetea yule anayeona bado kurudi si salama.