Nani Anaipakia Sukari ya Kiazi cha Mgeta?

Kiazi mviringo kinachoshushwa Morogoro mjini kutoka Mgeta, kule juu Uluguru, hakijajipikia chakula. Sukari imetengenezwa kwenye majani, ikashuka kwa mirija hadi ardhini, ikageuzwa wanga. Sasa, nani anaipakia sukari kwenye hiyo mirija?

Mwaka 1992, Riesmeier, Willmitzer na Frommer wa Ujerumani waliingiza jeni za spinachi kwenye hamira isiyoweza kuvuta sukari kutoka nje. Hamira iliyoanza kustawi ndiyo iliyobeba jeni ya mpakiaji. Kwenye kiazi, protini ya aina hiyo inaitwa SUT1. Mwaka 1994 wakaipunguza: sukari ikalundikana majanini, mavuno ya viazi yakashuka. Si protini ya mchezo hiyo.

Lakini inakaa seli gani? Hapo ndipo kingamwili inapohitajika. Kwa kawaida unamdunga sungura kipande cha protini. Mwili wake unakiona mvamizi na kutengeneza kingamwili za kukinasa. Unatoa damu, unachuja, unaweka majimaji yake juu ya kipande chembamba cha mmea, kisha unaongeza kitu kinachong'aa pale zilipong'ang'ania. Inasemwa haraka, ila SUT1 imezama kwenye utando wa seli, na sehemu zinazojitokeza nje ni chache.

Mwaka 1997 Christina Kühn na wenzake wakatangaza: SUT1 ipo ndani ya mirija yenyewe. Ajabu kweli, maana mrija uliokomaa hauna kiini. Basi protini, au maagizo ya kuitengeneza, lazima yatoke kwa seli jirani zinazouhudumia. Wengi wakakubali. Kumbe mwaka 2008 kundi la Norbert Sauer, Ujerumani hukohuko, likaja na kingamwili mpya na kuiona SUT1 kwenye seli jirani, siyo kwenye mirija. Kiazi kilekile, protini ileile!

Kwangu mimi hiki ndicho kipande kitamu cha historia hii. Kingamwili ni shahidi, na shahidi anaweza kumfananisha mtu. Ndiyo maana hupimwa pia damu ya sungura yuleyule kabla hajadungwa, na mmea usio na protini hiyo, ambao haupaswi kung'aa hata kidogo. Anayetaka kuongeza mavuno kwa kuichezea SUT1 bila kujua seli yake anabahatisha tu.

Na siyo viazi peke yake. Mwaka 2005 Anne Rae na wenzake, Australia, walitumia kingamwili kwenye shina la muwa, zao linalolisha viwanda vya Kilombero na Mtibwa mkoani kwetu. Ndugu yake SUT1 walimkuta kwenye seli zinazozunguka mafungu ya mirija, njiani sukari inapopita kwenda kuhifadhiwa.