Tuzo ya Rais: Jinsi kikundi cha vijana kinavyoweza kuandaa mradi wa huduma

CHANDA chema huvikwa pete, walinena wahenga. Katika mpango wa Tuzo ya Rais, chanda hicho sharti kiwe kimetumika kwa miezi, si kwa siku moja.

Mpango huu wa vijana wenye umri wa kati ya miaka 14 na 24 ulianza nchini Kenya mwaka wa 1966, miaka 10 baada ya Mwanamfalme Philip kuuasisi nchini Uingereza. Una ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Katika kila ngazi, mshiriki hutimiza sehemu nne, yaani huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya viungo na safari ya ujasiri. Anayewania dhahabu huishi pia kwa siku 5 na watu asiowazoea, wakishirikiana katika kazi moja. Washiriki hawashindanishwi, kila mmoja hupimwa kwa juhudi zake mwenyewe.

Sehemu ya huduma huchukua miezi 3 kwa shaba, 6 kwa fedha na 12 kwa dhahabu, kwa wastani wa saa moja kila wiki na bila malipo. Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Vijana hukusanyika Jumamosi moja, hupanda miche, hupigwa picha na kuondoka. Saa za siku hiyo haziwezi kujaza pengo la wiki zinazofuata, na miche nayo hunyauka.

Kikundi kinachotaka kufaulu kizingatie mambo yafuatayo:

1. Kuuliza kabla ya kutenda. Zungumzeni na wazee wa mtaa, mwalimu au muuguzi wa zahanati mjue wenyeji wanahitaji nini.

2. Kupata idhini. Mwenye ardhi au msimamizi wa taasisi akubali kazi hiyo mapema, naye kiongozi wa tuzo aidhinishe mpango.

3. Kupanga kalenda. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, miche iliyopandwa wakati wa masika mwezi Aprili hukabiliwa na kiangazi kuanzia Juni. Miezi 3 ya shaba huisha Julai, kiu ya miche ikiwa ingali kali. Hata hivyo, mshiriki wa shaba hutakiwa kuongeza miezi 3 katika huduma, stadi au mazoezi. Akichagua huduma, ataitunza miche hadi vuli inapokaribia mwezi Oktoba.

4. Kugawa zamu na kuweka kumbukumbu. Ingawa kazi ni ya kikundi, tuzo hutolewa kwa mtu binafsi. Kila mshiriki aandike tarehe, saa alizohudumu na aliyotenda, kisha mtathmini athibitishe. Asiyeandika huenda akakosa ushahidi wa jasho lake.

5. Kukabidhi kazi. Kabla ya muda kwisha, teueni watakaoendelea, wawe wanafunzi wa madarasa ya chini au wenyeji wenyewe.

Muda ukishapita, kipimo cha kweli ni miti iliyosalia hai, au wagonjwa na wazee wanaoendelea kutembelewa. Nishani humfaa aliyevishwa. Huduma iliyodumu huwafaa wengi. Haba na haba hujaza kibaba, na saa moja ya kila wiki ndiyo haba yenyewe.