Uhakiki wa vigezo vya konstrakta
Uhakiki wa vigezo vya konstrakta ni ukaguzi wa thamani zinazopokelewa na konstrakta, yaani msimbo unaounda objekti katika programu, kabla objekti hiyo haijaanza kutumika. Thamani isiyofaa hukataliwa papo hapo: katika Java kwa hitilafu ya IllegalArgumentException, katika Python kwa ValueError. Hivyo objekti mbovu haizaliwi kabisa.

Kwa mfano, chukua konstrakta inayopokea latitudo na longitudo ya mahali. Mji wa Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, uko kwenye latitudo −1.5 na longitudo 40.03. Kanuni ya kawaida hudai latitudo iwe kati ya −90 na 90, na longitudo kati ya −180 na 180. Namba hizo zikipishana nafasi bado zinapita, na Hola inaangukia Uhispania. Programu inayohudumia Kenya pekee iweke mipaka finyu zaidi: latitudo −5 hadi 6, longitudo 33 hadi 42.